Skwodi

"Umeendesha lori kwa muda gani?" mdosi aliniuliza.

"Miaka miwili."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeendesha zile saa chache tu za shule ya udereva, kwenye kanta nzee yenye herufi L mbele na nyuma, mwalimu akiwa ameishika hendibreki muda wote. Leseni ya C1 nilikuwa nayo. Cheti cha tabia njema nilikuwa nacho, shilingi 1,050. Miaka miwili ndiyo sikuwa nayo.

Mdosi akanirushia funguo. "Ingiza hiyo kanta ndani, kinyumenyume."

Ilikuwa Kariobangi, saa mbili asubuhi, na watu wa kibanda cha chai walikuwa wamegeuka kuangalia. Gari lilinizimikia mara tatu. Mara ya nne liliruka, nikasikia kona ya bodi ikikwangua nguzo ya geti. Mdosi hakunitukana. Heri angenitukana. Alinyoosha mkono tu, nikamrudishia funguo zake.

Wacha nieleze nilivyofika pale. Chuo nilikiacha mwaka wa tatu, karo iliponishinda. Sikuaga mtu. Wakati huo nilikuwa nikifanya ile kazi ambayo vijana wengi wa rika langu hapa Nairobi wanaijua: kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao za chuo. Leo uuguzi wa wazee, kesho sheria ya mikataba. Kuna watu huko wamehitimu kwa mikono yangu, na mimi mwenyewe sina digrii. Halafu mwishoni mwa 2022 ikaja ChatGPT. Akaunti iliyokuwa ikinipa kazi kumi kwa wiki ikanipa mbili, kisha ikanyamaza. Niliendelea kuandika vitu vyangu mwenyewe, lakini magazeti hulipa yakipenda, na landilodi hasubiri. Nilitaka kazi ya siku mbili tatu kwa wiki, ili zinazobaki niandike.

Nilifikiria lori kwa sababu ya Baba. Alikuwa dere wa trela, Mombasa hadi Malaba, miaka yote ya utoto wangu. Alikuwa akirudi nyumbani na mgongo unaouma na sentensi moja: "Mimi naendesha ili wewe usiendeshe." Kwa hivyo hata leseni ya C1 niliichukua kwa siri.

Kila yadi niliyoingia ilikuwa na swali lilelile. Una uzoefu? Na utaupata wapi kama hakuna anayekupa gari? Nilidhani ni roho mbaya. Siku hizi naelewa. Kanta nyingi unazoziona barabarani ni za mkopo. Mwenyewe ana moja au mbili, na ikianguka, benki bado inadai, na watu wa bima wanataka kujua nani alikuwa kwenye usukani. Mtu kama huyo hawezi kukufanya wewe jaribio lake.

Siku ile ya geti, nilipokuwa naondoka, mzee mmoja aliyekuwa akifunga turubali aliniita.

"Kijana, leseni ni ya serikali. Gari ni ya mtu. Umeskia?"

"Nimeskia, mzee."

"Kesho saa kumi kuja hapa. Utakuwa taniboi wangu."

Nilikuwa nimesomea uchumi karibu miaka mitatu, na sasa nimekuwa utingo. Shilingi 700 kwa tripu, na chai. Tulikuwa tunapanda Kinangop kuchukua viazi: magunia 80 ya kilo 50, yaani tani nne, kisha tunashuka hadi Marikiti kabla soko halijachangamka. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu magunia, kufunga kamba, kugonga tairi kwa spana nikisikiliza mlio, na kusimama nyuma ya gari nikipiga kelele: "Kuja, kuja, kuja, shika!"

Nyuma pale ndipo nilipojifunza kurudisha gari. Ukikaa kwenye usukani unaona vioo viwili na wasiwasi wako. Ukisimama nje, unaona mkia wa gari unavyokwenda upande usioutarajia, na jinsi dere anavyosahihisha mapema, kidogo kidogo, kabla mambo hayajaharibika.

Wiki ya saba mzee alisimamisha gari tukiwa tunapanda kutoka Flyover kwenda Njabini, tupu. Akahamia upande wangu. Hakusema kitu hadi tulipofika. Ningelikwaruza gari, yeye ndiye angelipa, na sote wawili tulijua. Baadaye akaniachia na mzigo. Hapo niligundua kwamba tani nne hazina haraka ya kusimama. "Shuka na gia ile ungetumia kupanda," alikuwa akisema kila mara. "Ukikalia breki zitachemka, na zikichemka hazikujui."

Kwa watu wa gari, dere wa kushikia mwenzake anaitwa skwodi. Mwenye gari akiumwa, akiwa na mazishi, au akichoka tu, skwodi anaingia kwa siku moja au mbili. Ndiyo ile kazi niliyokuwa naitafuta. Haibandikwi ukutani wala haina barua ya maombi. Inapitia kwa mtu aliyekuona ukifanya kazi.

Mwezi wa tano mzee alienda kwao kwa mazishi. Mdosi akanipigia.

"Si wewe ndiye yule wa geti?"

"Ndiye mimi."

"Umeendesha kwa muda gani?"

"Miezi mitatu, nikiwa na mzee kando. Kabla ya hapo sikuwa nimeendesha."

Akanyamaza kiasi kwamba niliangalia kama simu imekatika.

"Mzee amesema unaweza. Saa kumi."

Sasa naendesha siku mbili kwa wiki, wakati mwingine tatu viazi vikiiva. Siyo pesa nyingi, lakini kodi inalipika, na insha hii nimeiandika siku ya mapumziko.

Tripu ile ya kwanza nikiwa peke yangu na taniboi mgeni, nilisimama Soko Mjinga, gari limejaa. Giza lilikuwa bado zito, na ukungu. Nilimpigia Baba. Huamka mapema mpaka leo. Nikamwambia niko wapi na nina nini mgongoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa ile sentensi yake.

"Tani ngapi?" akauliza.

"Nne."

"Tairi za nyuma umeziangalia? Zile za ndani?"

Nilikuwa sijaziangalia. Nikachukua spana, nikashuka.