Nia Zikiwa Pamoja



Sisi mafrateri wa falsafa tumekutana darasani na swali la zamani lililorudi na mitambo mipya: je, akili za watu zinaweza kuunganishwa zikawa moja? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha jaribio la watu watatu waliocheza pamoja mchezo wa kompyuta kwa kutumia ubongo. Wawili waliuona mchezo wote. Uamuzi wao ulisomwa kwa vifaa vilivyovikwa kichwani, ukamfikia wa tatu kama mmweko wa mwanga, naye akaamua kukigeuza kipande au kukiacha. Kilichopita kati yao kilikuwa "ndiyo" au "hapana" tu.

Karne nyingi kabla, Ibn Rushd wa Kordoba alifundisha kwamba akili ni moja kwa wanadamu wote. Mwaka 1270 Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliandika kitabu kuwapinga waliofuata mafundisho hayo. Akili ikiwa moja, alisema, hatuwezi kusema mtu huyu anafikiri. Na hapo thawabu na adhabu hazina mwenyewe.

Hoja hiyo ilitufungukia Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, tulipotumwa kigangoni wakati wa likizo. Mama mmoja alikuwa amefiwa na mwanawe. Wanajumuiya walileta kuni, maji, unga na rozari. Kila aliyefika alisema, "Pole, mama," akaketi mkekani. Tulitamani kuingia ndani ya uchungu wake tumpunguzie, lakini hapakuwa na mlango. Siku ya tatu alianza mwenyewe kutusimulia habari za kijana wake, nasi tukasikiliza hadi jioni. Kama tungekuwa akili moja naye, asingekuwa na la kutupa, wala asingekuwapo mwingine wa kumfariji.

Waamini wa kwanza walikuwa na moyo mmoja, lakini Barnaba aliuza shamba lake mwenyewe. Nasi katika Misa tunasali Baba Yetu kwa pamoja, ila katika kuungama kila mtu hujipiga kifua chake, si cha jirani.

Ndugu wapendwa, tusiisubiri mashine. Aliyefiwa yupo jirani. Twende, tuketi naye, tumsubiri aseme.