Kioo Hakina Kosa: Binti wa Marambo na Madirisha 14 Yaliyomtoa Jasho

Kuna uchafu mmoja unaudhi kuliko wote: ule unaoonekana baada ya kumaliza kusafisha. Umefuta dirisha, umerudia, mkono unauma, umerudi nyuma ukaangalia, safi kabisa. Jua likigeuka tu, hiyo hapo! Michirizi, madoa meupe kwenye kona, na mstari mwekundu chini ya kioo kama mtu kapitisha penseli. Hapo wengi hulaumu sabuni, au dawa ya kusafishia kwamba ni feki, au kioo chenyewe. Wachache sana huangalia fremu.

Binti mmoja wa Marambo, mkoani Lindi, upande ule wa Nachingwea na Ruangwa, nusura apoteze kazi kwa sababu hiyo hiyo. Ana miaka 24. Jina lake libaki huko huko kwao, ila yaliyomkuta yanamhusu yeyote mwenye dirisha.

Huyu binti si mgeni wa usafi. Alikaa Dar miaka miwili akisafisha jengo la ofisi maeneo ya Posta. Alikuwa na chupa ya kupuliza, kitambaa cha maikrofaiba, na kile kifaa chenye mpira mwembamba cha kuvutia maji kwenye kioo. Kifaa hicho kwa umbo lake la leo kinahusishwa na Ettore Steccone, Mtaliano aliyekuwa akisafisha madirisha Oakland, Marekani, miaka ya 1930. Ghorofani kazi ilikuwa na mdundo wake: puliza, vuta, futa kona, songa mbele. Hata supavaiza alikuwa akimtolea mfano. Mkataba ulipoisha na mwingine usije, akafunga begi lake, kifaa chake cha mpira kikiwa ndani, akapanda basi la kusini kurudi kwa mama.

Kazi haikuchelewa. Dada mmoja anayeishi Dar alikuwa amemaliza nyumba yake Marambo, na wiki hiyo hiyo ya Julai kulikuwa na shughuli ya kumuoza mdogo wake pale pale. Madirisha 14 ya aluminiamu, yale ya kuslaidi, fremu nyeupe pee. Malipo yakawa elfu 70. Lakini kilichomnyima binti usingizi ni ile sentensi ya mwisho kwenye simu: "Ukifanya vizuri, nyumba utaitunza wewe kila mwezi."

Kila mwezi! Nyumbani mdogo wake wa kiume alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, godoro halijanunuliwa, sare haijashonwa. Kwa hiyo elfu 70 ilikuwa godoro. Kazi ya kila mwezi ilikuwa kila kitu kingine.

Siku ya kwanza akaingia na mdundo wa Posta. Akapuliza maji kwenye kioo, akavuta. Maji yakashuka kwenye fremu, fremu ikatoa tope jekundu, tope likarudi kwenye kioo pale mpira ulipogusa kingo. Akapuliza tena. Kwenye kona kukawa na kitu cha njano kinachoteleza, hakitoki wala hakiyeyuki. Akaongeza sabuni. Akaongeza na maji ya kisima. Hadi saa kumi jioni alikuwa amemaliza madirisha yote 14, na yote yalikuwa na michirizi.

Video call ikaingia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Hebu nioneshe upande wa sebuleni." Kimya kidogo. "Sogeza simu. Mbona hivyo? Hivi umesafisha au umepaka?"

"Nitarudia dada, bado sijamaliza."

"Keshokutwa vijana wa mapambo wanakuja. Kesho jioni nisipoona kioo, nitawaambia wamalizie wao, na hela utawapa wao."

Ukijua maisha ya sehemu ambayo kila mtu anamjua mwenzake, utaelewa kuwa hapo hela ilikuwa nusu tu ya tatizo. "Yule wa Dar ameshindwa kufuta madirisha" ni sentensi inayofika sokoni kabla yako.

Usiku hakusema kitu. Asubuhi mama yake akamfuata kule kwenye nyumba, akapitisha kidole kwenye fremu, akakinusa.

"Hii si salfa hii?"

"Salfa?"

"Majirani wanapuliza mikorosho tangu mwezi uliopita, wewe unadhani inakwenda wapi? Salfa haishiki maji mwanangu. Ukiimwagia inaelea tu. Ikung'ute kwanza."

Mama hajawahi kufanya usafi wa kulipwa hata siku moja. Nyumba yake ina madirisha ya mbao, hayana kioo hata kimoja. Lakini salfa anaijua, ameishi nayo mashambani maisha yake yote.

Kwa asiyejua: mikorosho ikianza kuchanua hushambuliwa na ugonjwa wa ubwiri unga, na wakulima huukabili kwa kupuliza unga wa salfa, alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike vizuri. Upepo ukibeba, unga huo mwepesi hutua popote, kizingiti cha dirisha kikiwemo. Na mama alikuwa sahihi kabisa, maana salfa haiyeyuki kwenye maji. Ukiilowesha unaihamisha tu kutoka kwenye fremu kwenda kwenye kioo.

Kisha kuna ule udongo mwekundu. Vumbi la barabarani mara nyingi lina chembe ndogo za mchanga wa kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko kioo cha kawaida cha dirisha. Ukilisugua kavu kwa nguvu unakwaruza kioo, ukilimwagia maji mengi unapata tope. Udongo wa nchi hii si wa kuchezea. Waingereza walipoanza ule mradi wao wa karanga mwaka 1947, wakafyeka Kongwa, Urambo na Nachingwea, udongo wa Kongwa ulikula vifaa vyao vya kulimia hadi wakachanganyikiwa. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Kama trekta lilinyoosha mikono, kioo chako kina ubavu gani?

Kwa hiyo binti akaanza upya, safari hii kwa kugeuza mpangilio wote. Kavu kwanza, maji baadaye. Fremu kwanza, kioo mwisho. Juu kwanza, chini mwisho.

Alijifunga mtandio puani, maana salfa inawasha macho na pua. Akatoa zile fremu zenye wavu wa mbu, akazipeleka mbali na nyumba na kuzikung'uta kule. Watu wengi huurukia wavu wakati ndio unaohifadhi vumbi; upepo ukivuma, vumbi lote linahamia kwenye kioo ulichokifuta jana.

Halafu akachukua brashi mpya ya rangi, ile ya inchi mbili, na kupiga fremu taratibu kuanzia juu. Pembe zote, mpaka kwenye ule mpira mweusi unaoshika kioo. Vumbi likashukia kwenye reli, la kwenye reli akalisukuma kwa brashi mpaka kwenye kizingiti, na la kwenye kizingiti akalizoa kwa kipande cha boksi. Hadi hapo hajagusa tone la maji, na robo tatu ya uchafu umeshaondoka.

Ndipo maji yakaja, tena kidogo. Ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuza. Kitambaa cha fremu alikikamua mpaka hakidondoshi, akakizungushia kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda ili kifike kwenye mfereji mwembamba kati ya fremu na kioo. Alifuta akielekea nje, kutoka kioo kwenda fremu. Ukifuta kuelekea kwenye kioo, unakipelekea uchafu mwenyewe kwa mkono wako.

Reli alizifanyia kazi kwa mswaki wa zamani. Chini ya reli za madirisha haya huwa kuna vitundu vidogo vya kutolea maji nje, na vyote vilikuwa vimeziba kwa udongo. Akavizibua kwa njiti ya fagio la chelewa. Hii ni ya kushika, kwa sababu vikiziba, mvua ya kwanza tu inajaza reli, maji machafu yanarukia kioo au yanamwagikia ndani ukutani. Halafu utaambiwa fundi kakosea.

Matone ya rangi na saruji yaliyoachwa na mafundi aliyalowesha kwa maji ya sabuni, akasubiri dakika kadhaa, kisha akayakwangua polepole kwa ukingo wa kadi ile ile. Mtu akamshauri stili waya ya kusugulia masufuria. Akakataa, na hapo alikuwa sawa, kwani inaacha mikwaruzo kwenye kioo na kwenye aluminiamu, na mkwaruzo haufutiki. Jiki nayo iache chooni, inaweza kuharibu sura ya fremu za aluminiamu.

Fremu zikakauka. Akatandika taulo kuukuu kwenye kizingiti ili likamate matone, ndipo akagusa kioo. Kitambaa chake, maji yake masafi. Akavuta kwa mpira kuanzia juu, na kila mvuto mmoja akaukausha mpira kabla ya kurudia. Kingo akamalizia kwa kipande cha kanga kuukuu ya pamba iliyofuliwa mara nyingi, isiyoacha nyuzi. Angalizo: isiwe imefuliwa kwa dawa ya kulainisha nguo, inaacha utando. Na gazeti? Kwenye kioo linafanya kazi, ila likigusa fremu nyeupe wino wake unaweza kuacha weusi, na kazi inaanza upya.

Yale madoa meupe ya kwenye kona yalikuwa ya maji yake mwenyewe ya jana. Maji ya kisima yakiwa na chumvichumvi na ukayaacha yakauke yenyewe, maji yanaondoka na madini yanabaki. Akaweka siki kidogo kwenye kitambaa, akagusa doa, akasuuza, akakausha hapo hapo. Siki isikae kwenye fremu.

Alicheza na jua pia. Asubuhi alifanya madirisha yanayotazama magharibi, mchana akahamia ya mashariki, kwa sababu kioo cha moto hukausha maji kabla hujayavuta na hiyo michirizi ndiyo inayobaki. Na kuna kaujanja alikokatoa Posta kakamsaidia sana: ndani malizia kwa kufuta wima, nje malizia kwa kufuta ulalo. Ukiona mchirizi umesimama, upo ndani. Ukiona umelala, upo nje. Huna haja ya kuzunguka nyumba mara kumi na kitambaa mkononi.

Saa kumi na nusu jua likawa limeshuka, linapiga sebuleni moja kwa moja. Wakati mbaya kuliko wote kwa kioo. Simu ikaita.

Dada wa Dar hakusema sana. Aliomba asogezewe dirisha la kwanza, la pili, la tano. Kisha akauliza, "Hilo limefunguliwa?"

"Hapana dada, limefungwa."

Kikapita kicheko kifupi. "Haya. Nakutumia hela."

Hela iliingia kabla ya magharibi. Suala la kila mwezi dada hakulitaja, na hapo ndipo binti alipofanya jambo ambalo wengi tungeona aibu kulifanya. Alimuuliza mwenyewe. Akamweleza kwamba kuanzia Juni mpaka salfa iishe, dirisha linahitaji kupigwa brashi kila wiki, si kila mwezi, na akitaka nyumba ibaki hivi, bei ya miezi hiyo iwe tofauti. Meseji ikasomwa. Tiki mbili za bluu, usiku mzima bila jibu.

Jibu lilikuja asubuhi: "Sawa. Anza baada ya harusi."

Godoro lilinunuliwa. Kijana alikwenda shule na sare mbili. Mama aliletewa brashi mpya ya rangi, akauliza ya nini wakati nyumba yake haina vioo. Siku hizi anaitumia kukung'uta vumbi kwenye redio.

Nawe wikiendi hii kabla hujanunua chupa nyingine ya dawa ya vioo, pitisha kidole kwenye fremu yako, halafu kiangalie. Kina rangi gani? Na huko unakokaa vumbi lenu ni la aina gani: jekundu la barabarani, jeusi la moshi wa magari, au chumvi ya baharini? Tuambie unalitoaje.