Alijua, lakini alipata 3 juu ya 20



Tangu matokeo ya mtihani wa Serikali yatoke, kila nikipita bombani naulizwa: "Mwalimu, mnafanya nini huko darasani?" Mzee mmoja jirani yangu amesema wazi kwamba bora kijana wake akafanye vibarua vya kulima kuliko kumaliza miaka kwenye benchi bure. Siku ile sikumjibu, nilikuwa na hasira. Nijibu hapa.

Mimi nafundisha biolojia, darasa la tatu sekondari. Mwezi wa pili nilitoa jaribio kuhusu jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Binti mmoja alipata 3 juu ya 20. Nikamfokea mbele ya wenzake, nikamwita mvivu. Jioni nikamkuta anachambua matembele na mdogo wake, huku anamweleza: "Jani ndilo jiko la mti. Jua ndiyo kuni. Maji yanapanda toka kwenye mizizi, hewa inaingia kwa vitundu vidogo vya jani, halafu inapatikana sukari." Jamani, niliona aibu. Ndicho nilichouliza! Ila mi niliuliza kwa Kifaransa.

Kesho yake nikarudia jaribio lile kwa mdomo, kwa Kiswahili. Wengi walioanguka wakapita, pamoja na kijana wa yule mzee.

Kwetu Kongo mtoto anatakiwa aanze shule kwa lugha ya nyumbani miaka ya mwanzo, halafu ni Kifaransa mpaka mwisho. Mtihani wa Serikali nao ni Kifaransa, na asiyefika asilimia 50 hana diploma. Watoto wa mjini wanakisikia redioni, dukani, hata kwa majirani. Kijijini kwetu Fizi, nilikoanzia sekondari, tulikisikia kwa mwalimu tu, na mwalimu mwenyewe alikuwa anakitafutatafuta. Mimi nilianguka mara ya kwanza. Hapa kambini ndiyo yale yale.

Wenyeji wetu Watanzania wanayajua haya kwa Kiingereza. Shule ya msingi ya serikali wanasoma kwa Kiswahili, sekondari lugha inageuka. Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, karibu watahiniwa 6 kati ya 10 walipata sifuri, hadi serikali ikaunda tume na mwaka 2013 matokeo yakapangwa upya. Shule za kata za vijijini zilinyoshewa kidole sana. Walimu wachache, vitabu hakuna, maabara hakuna, na lugha nayo ilitajwa.

Sisemi walimu hatuna kosa. Kumwita mtoto mvivu kabla ya kumsikiliza ni kosa, na lilikuwa langu. Nanyi wazazi, siku ya mgao wa chakula benchi za wasichana zinabaki tupu, hilo mnalijua.

Sasa kila Jumanne na Alhamisi saa tisa tunakaa chini ya mwembe nyuma ya shule. Somo tunalielewa kwanza kwa Kiswahili, halafu tunalihamisha pamoja kwa Kifaransa, sentensi kwa sentensi. Hakuna malipo, mtoto aje na daftari tu. Yule binti hakosi, na nimemwomba msamaha mbele ya wale wale. Kijana wa mzee alikuja mara mbili. Mara ya tatu nilimwona anapita na jembe begani, akainamisha kichwa.

Mzee wangu, kama unasomewa ukurasa huu, Alhamisi namngojea.