Kununua kiwanja Iringa: Hewa nzuri peke yake haitoshi

BASI likimaliza kona za Mlima Kitonga, abiria wa Dar es Salaam huanza kufungua mabegi kutafuta masweta. Madirisha yaliyokuwa wazi tangu Mikumi yanafungwa, na mtoto aliyevuliwa shati kwa joto la Ruaha Mbuyuni anavalishwa koti. Ilula wanapita meza za nyanya zilizopangwa kwa mafungu. Baada ya hapo linatokea bonde la Mto Ruaha Mdogo, na juu yake mji wa Iringa umekaa mlimani kama uliwekwa kwa mkono.

Ijumaa moja ya Aprili, mume na mke wa Tabata walishuka stendi ya Igumbilo wakiwa na begi moja na bahasha ya nakala za vitambulisho. Mume anafanya kazi bandarini, mke ni mwalimu wa shule ya msingi. Watoto wawili walibaki kwa bibi yao. Mdogo, mwenye miaka sita, ana pumu, na ndiye chanzo cha safari hiyo. Mtu mmoja kazini aliwaambia kuwa hewa ya Iringa inaponya kifua. Wakahesabu akiba ya miaka tisa, wakaongeza mgawo wa kikoba cha mama, wakapanda basi kwenda kutafuta kiwanja.

Wazo lao si geni. Ulaya, watu wengi wa Uingereza na Ujerumani waliochoshwa na baridi hushuka kusini kununua nyumba katika vijiji tulivu vya pwani ya Mediterania, Hispania na Italia. Mtanzania wa pwani aliyechoshwa na joto na foleni yeye hupanda. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Una vyuo vikuu, una hospitali ya rufaa ya mkoa, na Hospitali ya Tosamaganga haiko mbali. Jioni unaweza kupanda jiwe la Gangilonga, ambalo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea, ukaona mji wote hadi mabondeni. Mtu wa Dar akikaa pale dakika kumi, moyo unamwambia anunue kesho.

Ndiyo sababu dalali mzuri humpeleka mteja Gangilonga kwanza.

Kiwanja cha kwanza: kizuri, lakini cha nani?

Jumamosi asubuhi walianzia upande wa Kihesa. Kiwanja kilikuwa mteremkoni, kimezungukwa na nyumba za matofali ya kuchoma, nguzo ya umeme ikiwa hatua chache tu. Dalali aliwaonyesha bikoni mbili kati ya nne, na karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono. Mama akauliza hati iko wapi. Akajibiwa, "Dada, hapa tunauziana kwa uaminifu."

Uaminifu ni jambo jema, lakini hauandikishwi kwa Msajili wa Hati. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Anachonunua mtu ni haki ya kumiliki kwa muda, kwa mfano miaka 33, 66 au 99, pamoja na kilichoendelezwa juu yake. Kwa hiyo swali la kwanza ni jina la nani limeandikwa katika kumbukumbu za serikali, kisha ndipo bei ifuate. Kama kiwanja kina hati, mnunuzi anaweza kuomba upekuzi katika ofisi ya Msajili ajue mwenye jina, na kama kuna mkopo wa benki uliowekewa dhamana hiyo. Kama kimepimwa lakini hakina hati, ofisi ya ardhi ya halmashauri inaweza kuonyesha mchoro wa mipango miji. Humo ndimo watu hugundua kuwa kiwanja walichopenda kimetengwa kwa ajili ya barabara, shule au eneo la wazi.

Baba aliomba nakala ya karatasi ile na muda wa kwenda ofisi ya ardhi Jumatatu. Dalali akasema kuna mteja mwingine anakuja saa nane mchana. Mteja huyo wa saa nane anajulikana kwa kila aliyewahi kununua kiwanja nchi hii. Wakaondoka.

Kiwanja cha pili: maji karibu mno

Cha pili kilikuwa bondeni, na bei yake ilikuwa nusu ya kile cha Kihesa. Udongo mweusi, migomba imenawiri, na sauti ya maji inasikika. Mama alichuma jani la mchicha uliojiotea, akasema hapa mtu hawezi kulala njaa.

Aprili ni mwezi mzuri wa kuona kiwanja kwa sababu mvua huwa haijaficha kitu. Nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja, na kwenye shina la mti palikuwa na mstari wa tope unaofika magotini. Mto ulikuwa umepita hapo wiki chache nyuma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Baba alihesabu hatua kutoka majini hadi mahali ambapo dalali alisema panafaa kujenga. Hazikufika 40.

Kwa familia yenye watoto, kuna hesabu nyingine pia. Choo cha shimo kinapaswa kuwa mbali na kisima, angalau mita 30, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, shimo la choo hujaa kutoka chini, na mvua ikinyesha uchafu hutembea. Kuhara kwa watoto wadogo huanzia katika viwanja kama hivyo, vyenye mchicha mzuri na bei ya kuvutia.

Kuhusu mbu, baridi ya mjini huwapunguza lakini haiwaondoi. Mkoa huu una pia sehemu za chini zenye joto, kama Pawaga na Idodi. Anayehamia Iringa asiache chandarua Dar.

Kiwanja cha tatu: mama aliyetoka shambani

Mchana walikodi bajaji kufuata barabara ya Kalenga, njia iendayo makumbusho ya Mtwa Mkwawa, ambako fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954. Dalali wa pili alikuwa na mzee anayeuza ekari moja kijijini, juu kidogo ya barabara. Ekari hiyo ilikuwa na nyumba ndogo ya bati, mahindi yaliyofika kifuani, na mianzi ya ulanzi pembeni. Kutoka mlangoni unaona milima mitatu, mmoja nyuma ya mwingine.

Hapo wote wawili walinyamaza. Baba akaanza kuonyesha kwa kidole itakapokaa sebule. Bei ilikuwa ndani ya uwezo wao, na mzee alikuwa mpole. Alisema mwenyekiti wa kitongoji angekuja jioni kuweka mhuri, na kwamba fedha taslimu ingerahisisha.

Wakati huo mama mmoja akatoka katikati ya mahindi, ana jembe begani na kitenge kimelowa umande. Mgeni akamsalimia kwa neno la Kihehe alilofundishwa na dereva wa bajaji: "Kamwene, mama." Akaitikia, "Kamwene." Kisha akauliza wageni wanatafuta nini.

Mwalimu akamjibu kweli, kwamba wamekuja kuona shamba linalouzwa.

Mama yule alishusha jembe, akamtazama mumewe. Akauliza, "Lipi?"

Hapakuwa na ugomvi. Mzee alitazama pembeni, dalali akaanza kutafuta kitu kwenye simu yake. Mama akasema kwamba ndani ya nyumba ile amezaa watoto watano, na kwamba mahindi yale ni chakula cha mwaka mzima. Akawakaribisha wageni viti.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iko wazi katika kifungu cha 59. Nyumba ya wanandoa haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kupangishwa wala kuwekwa rehani na mmoja wao bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililoandikwa ni la mmoja. Mnunuzi anayelipa bila ridhaa hiyo amenunua kesi. Zaidi ya hapo, ardhi ya kijiji husimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji, na mtu wa nje ya kijiji hupita huko kwa maombi yanayojadiliwa wazi. Mhuri wa jioni wa mtu mmoja hautoshi.

Mwalimu alikunja bahasha yake akairudisha mkobani. Akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Baba wa watoto, twende. Hapa tungejenga juu ya mtu." Mama mwenye shamba aliwasindikiza hadi barabarani, akawapa mahindi mabichi manne.

Hewa ya Iringa na kifua cha mtoto

Jambo kubwa kuliko yote walilijua usiku, katika nyumba ya wageni mjini. Baridi iliingia kupitia upenyo wa dirisha, na jirani wa chumba cha pili aliomba jiko la mkaa aote moto. Mhudumu alikataa.

Alifanya vizuri. Juni na Julai, usiku wa Iringa unaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na familia nyingi huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga kila kitu. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyelala huenda asiamke.

Kwa mtoto mwenye pumu, hewa ya mlimani si dawa. Hewa baridi na kavu huweza kuamsha mbano wa kifua, na moshi wa kuni au mkaa huuamsha zaidi. Baadhi ya watoto hupata nafuu wakitoka kwenye vumbi na moshi wa magari, wengine huzidiwa. Hakuna dalali anayeweza kusema mtoto wako atakuwa upande upi. Anayeweza kusaidia ni daktari anayemfahamu mtoto, na dawa ya kuvuta isikatishwe kwa sababu ya kuhama.

Tena kuna somo la lishe. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Huu ni mkoa unaovuna mahindi, maharage, viazi na mboga kwa wingi. Ghala lililojaa halimlishi mtoto kama sahani yake ni ugali mtupu asubuhi na jioni, na mama yuko shambani kutwa nzima. Anayehamia huku kwa sababu chakula ni rahisi akumbuke kwamba uwanja wa mboga, kuku wachache na muda wa kumlisha mtoto ni sehemu ya nyumba, sawa na bati na msingi.

Walichorudi nacho

Jumapili baada ya ibada, wanandoa wale hawakwenda kuona kiwanja cha nne. Walizunguka mitaa ya Mtwivila na Kihesa wakiuliza nyumba ya kupanga. Walipata vyumba viwili vyenye jiko nje, madirisha yanayofunguka na bomba la maji uani. Watakuja na watoto likizo ya katikati ya mwaka, baridi ikiwa kali, waone kifua cha mtoto kitasemaje. Kikikubali, watatafuta kiwanja kwa mwaka mzima, wakianzia ofisi ya ardhi badala ya Gangilonga, na mkataba utasainiwa mbele ya wakili, muuzaji akiwa na mwenzake wa ndoa.

Kwa mzazi mwingine anayepanga safari kama hiyo, mambo ya kuuliza si mengi. Jina la nani liko kwenye kumbukumbu? Mwenzi wake anajua? Mvua ikinyesha maji yanapita wapi? Zahanati iko umbali gani mtoto akibanwa kifua saa nane usiku? Nani atalala hapa Julai, na ataota moto gani?

Asubuhi ya Jumatatu basi lilishuka Kitonga. Ruaha Mbuyuni walinunua kamba ya vitunguu, masweta yakarudi begini. Fedha ya miaka tisa ilikuwa bado benki. Mahindi manne ya yule mama yalichemshwa Tabata jioni ileile, na mtoto mdogo, aliyeuliza kama wamenunua nyumba ya baridi, alijibiwa kwamba bado, kwanza ataenda yeye mwenyewe kuionja.