Disketi ya Pili ya Mama



Ndugu wasomaji, katika mtoto wa meza yangu ya kuandikia, chini ya miwani iliyovunjika na tasbihi iliyokatika uzi, pana kitu cheusi cha plastiki, cha mraba, kipana kama kiganja. Ni disketi. Vijana wetu wengi hawajapata kuishika, ingawa picha yake ndiyo wanayoibonyeza katika kompyuta wanapotaka kuhifadhi walichoandika. Juu yake pamebandikwa karatasi yenye mwandiko wangu: MAMA 2.

Nilizijua disketi mwaka 1996. Asubuhi nilikuwa nikisomesha madrasa, na jioni nikienda kujifunza kupiga chapa katika kiduka kimoja cha Mji wa Kale, Mombasa. Skrini ilikuwa ya buluu, maandishi meupe, na jina la faili halikuruhusiwa kupita herufi nane. Hotuba yangu ya Idi ilibidi iitwe KHUTBAID. Ukiitia disketi katika tundu lake, ilizunguka mara 300 kwa dakika na kutoa sauti kama ya panya atafunaye kapu. Ndani yake hamna ila utando mwembamba uliopakwa unga wa chuma, jamaa ya kutu, na herufi huandikwa humo kwa nguvu za sumaku. Ilichukua baiti 1,474,560 basi. Picha moja ya simu ya leo huenda isienee, lakini kwetu ilikuwa ghala: herufi za msahafu mzima zingeingia na nafasi ikabaki. Nakiri kwamba nilizipenda. Nilizipanga katika kisanduku kama bibi harusi apangavyo vikombe, na nikipenda hata ule mlio wa kidirisha chake cha bati, tik, kinapojifunga.

Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na daftari lake. Alikuwa akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofunzwa wanawake wengi wa umri wake. Humo alitia tarehe za kuzaliwa kwetu kwa miezi ya Kiislamu, dawa za mchango wa watoto, kipimo cha iliki katika mkate wa sinia, amana za majirani na siku alizozirudisha. Na palikuwa na kurasa alizozitenga kwa jambo moja: watoto wasiokuwa wake aliowanyonyesha. Wanawake mnajua kwa nini. Mtoto aliyenyonya kwa mama yako mara tano au zaidi kabla ya kutimiza miaka miwili, kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, amekuwa ndugu yako, na ndugu haoi ndugu. Mama hakutaka jambo hilo libaki katika vinywa vya watu.

Mwaka 1998 daftari lilikuwa limekwisha kuliwa pembe na mchwa. Nikakaa miezi miwili nikilisoma na kulipiga chapa kwa herufi za Kirumi, likajaa disketi mbili. Si kwa wingi wa maneno, bali niliona vizuri kutenga, hesabu na dawa huku, watu na nasaba kule. Mwaka uliofuata tulipokuwa tukitengeneza nyumba, dada yangu mkubwa akaniuliza lile daftari liwekwe wapi. Nikamwambia halina haja tena, yote yamo katika mashine. Kwa kuwa lilikuwa na jina la Mwenyezi Mungu ndani yake, tulilichoma kwa adabu na jivu lake tukalizika chini ya mwasumini.

Mama alikuwa ameketi barazani. Akaniambia, "Hayo yamo humo? Hebu nionyeshe." Nikakisukuma kile kidirisha cha bati, akautazama utando ule wa rangi ya udongo. "Sioni kitu," akasema. Tukacheka. Alifariki mwaka 2001.

Nami nikaendelea na maisha. Zikaja sidii, zikaja flashi, na kila kompyuta mpya iliyoingia nyumbani ilikuwa haina tundu lile. Apple walikwisha kuliondoa katika iMac yao tangu mwaka 1998, mwaka uleule niliokuwa nikijisifu kwa kuhifadhi daftari. Ningekuwa na masikio ningesikia. Sony waliacha kuziuza disketi Japani mwaka 2011. Serikali ya huko ilichelewa zaidi, kwani mwaka 2024 ndipo ilipokamilisha kufuta kanuni zaidi ya 1,000 zilizotaja disketi na vifaa vya namna hiyo. Athari yake imo hata katika kompyuta yako: diski yake kuu huitwa C, kwa sababu A na B zilikuwa nafasi za disketi.

Mwaka jana alikuja mtu kumposa dada yangu wa mwisho, ambaye amefiwa na mumewe miaka sita sasa. Mposaji ni mtu mwema, wa nyumba tuliyopakana nayo utotoni. Tulikuwa tumekwisha kufurahi pale dada mkubwa alipokumbuka kwamba mama wa nyumba ile aliugua baada ya uzazi, na mama yetu akamchukua mtoto wake akamnyonyesha mwezi mzima. Lakini nyumba ile ilikuwa na wavulana wawili waliofuatana. Ni huyu, au ni nduguye? Akiwa ni nduguye, hapana kizuizi. Akiwa ni yeye, ni ndugu yetu.

Macho yote yakaniangalia mimi.

Mpwa wangu akanunua kifaa cha kusomea disketi, cha kuchomeka ubavuni mwa kompyuta. Nilikuwa nazo 12. Tisa zilifunguka, na nilipoiona KHUTBAID nilikaribia kulia kwa furaha. MAMA 1 ilifunguka yote, iliki na mchango na amana. MAMA 2 ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena, kisha mashine ikasema kwamba disketi haijatayarishwa, na ikaniuliza kwa upole iwapo ningependa iisafishe yote ianze upya. Fundi aliyeifungua alinionyesha ukungu mweupe ulioota duara juu ya utando. Hewa yetu ya pwani, unyevu na chumvi. Akajaribu kuufuta, na unga wa chuma ukatoka pamoja nao.

Nilipanda basi hadi Lamu kwa khalati yangu, mdogo wa mama, ambaye sasa amepita miaka themanini. Akafikiri muda mrefu. "Alimnyonyesha mmoja wao," akasema, "lakini mwanangu, yupi, sikumbuki." Nikiwa pale Lamu nilimfikiri sana Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi wa nasaha mwaka 1858 naye mgonjwa. Karatasi za zama zake zililiwa na mchwa uleule ulioila ya mama yangu. Utendi umetufikia kwa sababu watu walikaa wakaunakili, na walionakiliwa wakaunakili tena, na hapakuwa na mjanja wa kuwaambia umeshahifadhiwa, lichomeni la kale.

Nanyi mlio na kanda za video za harusi za miaka ya 90 juu ya makabati, zitoeni wiki hii, maana nazo zinaota ukungu uleule. Picha za watoto zilizo katika simu moja tu zitieni mahali pa pili, na zile za lazima zichapisheni. Majina ya walionyonya yaandikeni kwa wino, karatasi mbili, nyumba mbili.

Niliwauliza wanavyuoni wenzangu, nami mwenyewe nilijua jawabu: shaka haiharamishi, na ndoa ingesihi. Nilimweleza dada yangu hivyo, mara mbili. Akasema amesikia, lakini hawezi kulala na mtu huku akijiuliza. Posa ikarudishwa kwa heshima.

Hajanilaumu hata kwa neno moja. Huja Ijumaa baada ya sala, hunywa chai, huuliza hali za watoto. Mara moja tu, akiwa amesimama mlangoni na buibui lake, aliniuliza, "Kaka, kile kidude bado hakijafunguka?"