Kompyuta Mpya ya Nini?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Mfumo unaoifuata, Windows 11, haukubali rasmi prosesa nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018. Kwa uamuzi uliofanywa mbali nasi, kompyuta nyingi zilizo nzima zimehesabiwa kuwa kuukuu. Yangu ya mezani, hapa Mtwara, ni mojawapo.

Je, ninunue nyingine? Bei niliyotajiwa dukani yakaribia ada ya mwaka mzima ya mpwa wangu chuoni, na fedha za kulipia yote mawili ni zile zile.

Nilianza kwa kuhesabu kazi zake: kuandaa mihadhara, kusahihisha tasnifu, kutunza alama za wanafunzi, kusoma majarida. Hakuna hata moja inayoishinda prosesa ya mwaka 2015. Kisha nikatazama inapokwama. Ilichukua dakika kadhaa kuwaka, na taa ya diski haikuzimika. Fundi aliifungua akacheka: "Mwalimu, hii haijazeeka. Inasubiri diski tu." Diski ya kuzunguka hutafuta data kwa mkono unaosogea huku na huku, SSD haina kitu kinachosogea, ndiyo maana hufikia mafaili madogo kwa haraka kubwa. Gharama ya SSD na nyongeza ya RAM haikufika robo ya bei ya kompyuta mpya.

Yapo mambo mawili yasiyotibika kwa kununua mashine. La kwanza ni umeme. Tunaishi jirani na gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982 karibu na mlango wa mto Ruvuma, lakini umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Hapa UPS yalinda kazi ya mtu kuliko prosesa mpya. La pili ni mtandao. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, kompyuta mpya na kuukuu zilisubiri pamoja.

Hoja ya usalama ina uzito, nami siipuuzi, kwa kuwa alama za wanafunzi ni amana. Lakini nayo ina majibu zaidi ya moja. Microsoft yenyewe imetoa nafasi ya kuongeza masasisho ya Windows 10 hadi Oktoba 2026, na Linux hufanya kazi vema katika mashine za umri huu bila malipo ya leseni. Nimechagua SSD, RAM na Linux. Ada ya mpwa wangu imebaki mahali pake.

Taifa letu lilikwisha kukutana na swali hili. Katika miaka ya 1960 Wizara ya Fedha ilianza kutumia kompyuta, na jaribio la kuhamishia humo hesabu za serikali likaharibika. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kasoro ilikuwa katika maandalizi, wataalamu na taratibu za kazi, lakini adhabu ikaiangukia mashine. Leo twaelekea upande wa pili: taratibu zikilemaa, twaagiza mashine mpya. Ni kosa lile lile la kutoutafuta mkwamo ulipo.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu watumishi wa umma mnaoandaa bajeti: kabla ya kuandika "kompyuta mpya 20", mwiteni fundi azipime zilizopo, moja baada ya nyingine, na aandike kinachozichelewesha. Pengine ni diski. Pengine ni umeme, au faili linalosubiri saini mezani kwa mkubwa kwa wiki tatu. Na wanafunzi wangu mnaotaka kukopa ili mpate kompyuta ya kuandikia tasnifu, leteni kwanza mliyo nayo tuifungue.