Mgeni wa Uganda Apika Mabatini

Mabatini ni kata ya Jiji la Mwanza. Nyumba zimepanda mlimani katikati ya mawe makubwa. Mto Mirongo unapita bondeni kwenda ziwani. Watalii hawaji huku. Lakini mgeni anayependa kununua na kupika mwenyewe atafurahi.

Shemeji yangu wa Masaka, Uganda, alikaa kwetu siku nne. Siku ya pili alikataa kupikiwa. Alisema, "Bwana Shamba, nionyesheni soko. Leo napika mimi."

Asubuhi tulikwenda Kirumba, kwenye soko la samaki la Mwaloni. Wachuuzi wa dagaa hufika hapo hata kutoka Burundi na Kongo. Ziwa ni moja, lakini majina ni mengi. Sato kwao Uganda ni ngege. Sangara ni mputa. Dagaa ni mukene. Shemeji aliomba mukene, muuzaji akamtazama tu. Alipoonyesha kwa kidole, mambo yakaisha.

Alikuwa na akiba yake. Alitaka dagaa wa kwenda kuuza nyumbani. Hapa uwe mwangalifu, wewe unayenunua. Gunia la kwanza lilikuwa la bei ndogo. Tulitia mkono mpaka chini. Dagaa wa juu walikuwa wakavu. Wa chini walikunjika bila kuvunjika, na mchanga ukabaki kiganjani. Hao walianikwa chini, tena hawakukauka. Wakisafiri ndani ya gunia watashika ukungu, na fedha imepotea. Tuliwaacha.

Alinunua nusu gunia la dagaa wa chanja. Hao hung'aa, huvunjika kwa mlio, na hawana uvundo. Bei ilikuwa kubwa zaidi. Aliguna, akalipa.

Kisha tulichagua sato. Tazama macho: yawe maangavu, yasiwe yamezama. Fungua mashavu: ndani pawe pekundu. Bonyeza nyama: shimo la kidole lisibaki.

Ndizi za kupika huletwa Mwanza kutoka Kagera. Shemeji alinunua kichane kimoja, lakini alihangaikia zaidi majani ya mgomba. Muuzaji alicheka. Akampa bure yale yaliyofunika mikungu.

Nyumbani hakuna aliyekuwa na haraka. Alimenya ndizi, akazifunga kwa majani, akazibandika juu ya maji kidogo zive kwa mvuke. Alipoziepua alizibonyeza ndani ya majani yake mpaka zikalainika. Dagaa kidogo aliwatoa vichwa, akawakaanga bila mafuta, akawaosha kwa maji ya moto. Aliwapika na karanga za kutwanga. Mboga hiyo ijaribu kwako. Dagaa na karanga hujenga mwili wa mtoto, na si lazima ununue sangara. Sato aliungwa kwa nyanya na vitunguu, akakamuliwa ndimu.

Tulikula nje, kivulini mwa jiwe. Watoto walikwangua sufuria ya karanga. Mama yangu alikula ndizi, akazisifu sana. Kisha akauliza polepole kama ugali wa muhogo upo. Ulikuwepo.